Kamba

Asubuhi nilifungua nati ya chini ya giaboksi
na oili haikutoka.
Nje ni nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
Ulaanbaatar yote imejitanda moshi wa makaa,
nikasema labda imeganda. Nikaleta jiko la gesi,
nikalipasha tumbo gari
kama anayembembeleza mgonjwa anywe uji.
Ndipo ikadondoka, nyeusi, nzito,
ina harufu ya sufuria iliyosahauliwa motoni,
na ndani yake unga wa chuma,
laini kama wanja.

Choijiljav alikuwa mlangoni
na chupa ya chai ya maziwa yenye chumvi.
Gari si lake. Ni la mdogo wake, Damdinjav,
anayebebea abiria gari hili la mseto
lililoletwa limetumika kutoka Japani, usukani kulia,
na sauti ya mwanamke ndani
inayosema neno kila likiwashwa.

Kisa alikisimulia kwa fahari.
Jumanne, njia ya Baganuur, taa nyekundu iliwaka,
betri ikagoma, injini ikanyamaza.
Mdogo mtu akapiga simu. Kaka akatoka kitandani,
akajaza lori dizeli, akakunja kamba mara nne,
akalikokota gari usiku kucha,
kilomita mia na zaidi, polepole, barafu ile,
akichungulia kioo kila dakika:
magurudumu yanazunguka,
yanazunguka vizuri,
Mbingu ishukuriwe.

Yanazunguka. Hapo ndipo penye msiba.
Gari hili halikuundwa kama lori lake.
Pampu ya oili humo ndani hugeuzwa na injini;
injini ikilala, pampu nayo imelala,
hata magurudumu yakitimka kama farasi wa sikukuu.
Gia zikasagana kavu.
Beringi zikalia gizani
na hakuna aliyezisikia, lori lina kelele zake.
Lau angaliliacha pale kwenye theluji,
usiku mmoja, mbili,
lingekufa ganzi tu.
Betri mpya, lingeamka.

Kuna wema wa kutenda ukaenda zako.
Huu alikwenda nao,
umefungwa nyuma yake.

Tangu saa tatu natafuta la kusema.
Niseme baridi? Hapa baridi hubeba lawama zote,
mabomba yaliyopasuka, meno, ndoa,
nayo haina uso wa kuaibika.
Miaka ishirini na moja ya ufundi,
nimeisingizia mara nyingi, na wateja wamelala vizuri.
Nilikwisha kufumbua kinywa.
"Fundi," akaniwahi, "ni kamba, sivyo?"

Nikafuta mikono. Kitambaa kilikuwa kichafu kuliko mikono.
Ni kamba.

Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa,
akanipa mimi kwanza. Mkono wake haukutetemeka.
Ulitetemeka, kidogo.
"Usimwambie," akasema.
Kisha: "Hapana. Nitamwambia mwenyewe."
Kisha: "Giaboksi iliyotumika, tugriki ngapi?"
Nikamtajia.
Akageuka akalitazama lori lake kule uani,
jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe
asubuhi ya mnada.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu,
nikaunga betri ya karakana, eti napima.
Dashibodi ikawaka taa zote, kijani, njano, nyekundu,
na mwanamke yule akaamka,
akatuambia neno lake kwa Kijapani,
kwa adabu, taratibu,
kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni
asiyejua kwamba huko nyuma jikoni
kumeungua.

Hatukuelewa kitu.
Sote wawili tuliinamisha vichwa kidogo.